Njia Mbili Zilimshinda Fisi: Namna Garimoshi Linavyoelekezwa Njia

Utangulizi

Wanafunzi wetu wengi hapa Bujumbura wamelisoma neno garimoshi vitabuni kabla ya kuliona garimoshi lenyewe. Neno lenyewe si geni kwetu, kwani hata Kirundi kinasema gariyamoshi. Hata hivyo, nchi yetu haina reli inayofanya kazi. Tangu Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, sehemu ya mizigo yetu imekuwa ikisafiri kwa garimoshi kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kisha kwa meli juu ya Ziwa Tanganyika mpaka bandari ya Bujumbura. Hali hiyo inaelekea kubadilika. Mwezi wa Agosti 2025, huko Musongati, liliwekwa jiwe la msingi la reli mpya itakayotoka Uvinza, Tanzania, yenye upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma.

Reli ikija, huja na kazi zake, na kila kazi huja na maneno yake. Wengine kati ya wanafunzi wetu watafundisha Kiswahili kwa watu wa reli, wengine watatafsiri miongozo ya kazi, na wengine wataajiriwa huko huko. Makala haya yanaeleza kifaa kimoja tu cha reli, nacho ni njia panda, yaani mahali ambapo njia moja hugawanyika kuwa mbili na garimoshi likaelekezwa kushoto au kulia. Ili msomaji aelewe kwa urahisi, tutakieleza kupitia reli ndogo ya kupandwa, ile inayojengwa katika bustani ili watoto na wazazi wao wapande. Katika reli hiyo mtu akipiga magoti kando ya njia huona kila kiungo kikifanya kazi yake.

Reli ndogo ya kupandwa

Reli ndogo ya kupandwa si kichezeo cha mezani. Ni reli halisi iliyofinywa. Vipimo vinavyotumika sana ni upana wa milimita 127 na milimita 184, ilhali reli ya Kigoma ina upana wa milimita 1,000. Abiria huketi juu ya behewa kama anayepanda benchi, miguu ikining'inia pande mbili. Injini huweza kuwa ya mvuke, ya petroli au ya betri. Garimoshi la namna hiyo likibeba watoto 10 huwa na uzito wa kilo mamia kadhaa, na uzito huo ukiacha njia unaweza kuvunja mguu wa mtoto.

Mwingereza Arthur Heywood alianza kujenga reli ya milimita 381 nyumbani kwake Duffield mwaka 1874, akitaka kuonyesha kwamba reli nyembamba kiasi hicho inaweza kufanya kazi ya kweli. Mwaka 1927 reli nyingine ya upana huo huo ilifunguliwa pwani ya kusini mashariki ya Uingereza, nayo hadi leo inabeba abiria. Mjini Budapest, Hungaria, iko reli ya watoto iliyoanza mwaka 1948. Upana wake ni milimita 760, kwa hiyo ni kubwa kuliko hizi za bustani, lakini ina jambo la kutufaa: watoto wa miaka 10 hadi 14 ndio wanaoongoza ishara na njia panda, huku madereva wakiwa watu wazima. Ikiwa mtoto wa miaka 10 anaaminiwa kazi hiyo, basi ipo namna ya kuipanga kazi hata makosa yake yasigeuke msiba. Namna hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza.

Ulimi na moyo

Njia panda ya reli ina viungo vinne vikuu. Cha kwanza ni reli mbili za nje ambazo haziondoki mahali pake. Cha pili ni vyuma viwili vilivyochongwa vikawa vyembamba upande mmoja, ambavyo husogea kushoto na kulia. Vyuma hivi ndivyo vinavyochagua njia. Kifaransa huviita aiguilles, yaani sindano, na ndiyo maana kifaa chote kikaitwa aiguillage. Wajerumani, ambao ndio walioijenga Reli ya Kati, huviita ndimi. Katika makala haya tutatumia neno la Kiswahili ulimi, kwani chuma hicho kinafanana na ulimi kwa umbo na kwa tabia yake ya kugeukageuka.

Kiungo cha tatu ni fimbo inayounganisha ndimi mbili ili ziende pamoja. Ulimi wa kushoto ukibana reli yake, ule wa kulia lazima uachane na reli yake, ili ukingo wa gurudumu upate nafasi ya kupita. Katika reli kubwa nafasi hiyo ni sentimita 10 hivi. Katika reli ndogo ya milimita 184 ni kama sentimita moja na nusu hadi mbili.

Kiungo cha nne kiko mbele zaidi, mahali ambapo reli ya ndani ya njia moja inakatana na reli ya ndani ya njia nyingine. Hapo Wafaransa na Wajerumani wamekubaliana: wote wawili wanapaita moyo. Wamarekani wanapaita chura. Sisi tutachagua moyo. Gurudumu linapopita juu ya moyo huvuka pengo dogo, na kwa hiyo upande wa pili huwekwa reli fupi ya ulinzi inayolishika gurudumu mwenzake lisiyumbe.

Fisi alipasuka kwa nini?

Sote tunaijua methali isemayo njia mbili zilimshinda fisi. Fisi alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama kila upande, akatia miguu huku na huku, mwishowe akapasuka msamba. Mtu anayeongoza njia za reli hana methali bora kuliko hiyo. Watu wengi hudhani hatari ya njia panda ni garimoshi kupelekwa njia isiyo yake. Hatari hiyo ipo, lakini dereva akiona mapema husimama na kurudi nyuma. Hatari kubwa zaidi ni ulimi usiokuwa huku wala kule, au ulimi unaohama wakati garimoshi liko juu yake. Hapo magurudumu ya mbele hufuata njia moja, ya nyuma yakafuata nyingine, na behewa likapasuka msamba kama fisi.

Jambo hilo lilitokea kweli karibu na London tarehe 10 Mei 2002, mahali paitwapo Potters Bar. Treni ya mabehewa manne ilikuwa ikienda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Mabehewa matatu ya kwanza yalipita salama. Behewa la nne likiwa juu ya njia panda, ulimi ulihama, magurudumu yake ya nyuma yakaingia njia ya jirani, na behewa likaishia kujigonga kwenye jukwaa la stesheni. Watu 7 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba nati za fimbo zinazoshikilia ndimi hazikuwa zimekazwa inavyotakiwa. Hakuna aliyechagua njia mbaya. Njia ilichaguliwa vyema, ila haikushikiliwa.

Inafaa pia kutofautisha pande mbili za kuingilia. Garimoshi likitokea upande wa ncha za ndimi, ulimi ndio unaoliamulia pa kwenda, na hapo ndipo penye hatari tuliyoitaja. Likitokea upande wa pili, pale njia mbili zinapokutana kuwa moja, magurudumu yenyewe yanaweza kuusukuma ulimi yakapita. Lakini kama ulimi umefungwa imara upande usiofaa, kuusukuma ni kuuvunja au kuupinda. Garimoshi linalofuata, litakalotokea upande wa ncha, ndilo litakalolipa.

Kazi tatu: kusogeza, kufunga, kuthibitisha

Kutokana na hayo, kuongoza njia panda kuna kazi tatu, wala si moja. Kwanza ni kuusogeza ulimi. Pili ni kuufunga usiweze kurudi, hata ukitikiswa na garimoshi. Tatu ni kuthibitisha kwamba umefika na umefungika kweli. Reli kubwa huwa na masharti makali sana kwa kazi hii ya tatu: pengo la milimita chache tu kati ya ulimi na reli, mara nyingi kati ya 3 na 5, linatosha kuufanya ulimi uhesabiwe kuwa haujafika, na ishara ikabaki nyekundu.

Katika reli nyingi za bustani, fundi hufanya kazi ya kwanza kwa ustadi mkubwa, akaisahau ya pili, na ya tatu hakuwahi kuifikiria. Kokoto ndogo ikiingia kati ya ulimi na reli, mkono wa kuvutia utafika mwisho wake kama kawaida, lakini ulimi utabaki na pengo. Aliyevuta ataapa kwamba amebadilisha njia, naye atakuwa anasema kweli kuhusu mkono wake, si kuhusu ulimi.

Njia mbalimbali za kuusogeza ulimi

Njia ya kwanza, na ya zamani kuliko zote, ni mkono wa chuma uliowekwa kando ya njia panda yenyewe. Stesheni nyingi ndogo za reli ya mita moja katika Afrika Mashariki ziliongozwa hivyo. Mkono huo huwekewa uzito au springi ili usiweze kukaa katikati. Msomaji afikirie mlango wa kabati wenye springi: ukiuacha katikati, wenyewe hujiamulia kufunguka au kufunga. Uzuri wa njia hii ni kwamba mfanyakazi yuko pale pale, anauona ulimi kwa macho yake. Anaweza kuongeza pini na kufuli, na kwa reli ndogo ya bustani hiyo inatosha kabisa.

Njia ya pili ni springi peke yake. Ulimi hukaa upande mmoja siku zote, na garimoshi linalotokea nyuma huusukuma likapita, kisha springi huurudisha. Njia hii inafaa pale ambapo magarimoshi mawili hupishana, kila moja likishika upande wake. Haihitaji mtu. Kasoro yake ni kwamba ulimi haujafungwa, umeshikiliwa tu. Dereva akisimama juu yake kisha akarudi nyuma kabla magurudumu yote hayajapita, basi fisi anazaliwa.

Njia ya tatu ni kuvuta kutoka mbali, kwa fimbo ndefu au kwa waya, ili mtu mmoja aliye katika kibanda aongoze njia panda kadhaa. Fimbo husukuma na kuvuta, ilhali waya huvuta tu, kwa hiyo waya huhitaji mwenzake au springi ya kuurudisha ulimi. Adui wa njia hii ni jua. Chuma kikipata joto hurefuka. Fimbo ya mita 50 iliyopimwa alfajiri, joto lake likipanda kwa nyuzi 20 ifikapo adhuhuri, itarefuka milimita 12. Kwa reli kubwa hiyo ni hasara ndogo, lakini kwa reli ndogo ambayo ulimi wake husogea milimita 15 hadi 20 tu, fimbo imekula zaidi ya nusu ya mwendo wote. Mafundi wa zamani walipata dawa: walikata fimbo katikati, wakaweka wenzo unaogeuza mwendo, kipande kimoja kikisukuma kingine huvuta. Vipande vyote viwili hurefuka sawa, na marefusho yao yakafutana.

Njia ya nne ni hewa iliyoshindiliwa. Pampu hujaza tangi, mrija mwembamba hupita chini ya ardhi, na silinda ndogo iliyo kando ya njia husukuma ulimi. Silinda haiogopi jua, nayo husukuma kwa nguvu ileile kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini mrija ukivuja au pampu ikizimwa, nguvu hupotea. Kwa hiyo haifai kuitegemea hewa kushikilia ulimi. Sharti kuwe na springi au kufuli ya chuma.

Njia ya tano ni umeme. Mafundi wa reli ndogo hawanunui mitambo ya ghali. Huchukua mota ya kufungia milango ya gari au mota ya kupangusia kioo cha mbele, ambazo hutumia volti 12. Katika mji kama wetu, ambapo vipuri vya magari ya zamani vinapatikana na umeme wa mjini hukatika, betri ya gari na mota ya gari ni ndugu wanaofaana. Mota ya kupangusia kioo ina nguvu na huenda polepole, jambo ambalo ni jema, kwani ulimi haupigwi, husukumwa. Huhitaji swichi ndogo za mwisho wa safari za kuikatia umeme ulimi ukifika, la sivyo itaendelea kusukuma mpaka iungue.

Taa ya kijani ifanyiwe kazi

Kazi ya kuthibitisha hufanywa kwa swichi ndogo zilizowekwa kwenye ncha za ndimi zenyewe. Zisiwekwe kwenye mota wala kwenye mkono wa kuvutia, kwa sababu fimbo inaweza kukatika, mota ikazunguka vizuri na ulimi ukabaki palepale. Umeme wa taa ya kijani hupitishwa katika swichi zote, moja baada ya nyingine: ulimi huu umebana, ule mwingine umeachana na reli, kufuli imeingia. Zote zikikubali, taa huwaka. Moja ikikataa, au waya ukikatwa na panya, au betri ikiisha, kijani hakiwaki, na dereva hujua kwamba kutokuwepo kwa kijani ni amri ya kusimama. Hii ndiyo siri kubwa ya mafundi wa reli: hitilafu yoyote igeuke kuwa kusimama, isigeuke kuwa ruhusa.

Mwaka 1856 Mwingereza John Saxby alipata hataza ya mtambo unaofungamanisha ishara na njia panda, ili ishara isiweze kuruhusu garimoshi huku njia ikiwa imekaa vingine. Vyuma viliwekwa kukingamana ndani ya kibanda. Ukijaribu kuvuta mkono usiofaa, haukubali. Mtu hahitaji kukumbuka kila kitu, kwani mtambo unakumbuka kwa niaba yake. Watoto wa Budapest wanaweza kuaminiwa kwa sababu ya mpango wa namna hii.

Lilibaki swali moja: tutajuaje kwamba mkia wa garimoshi umekwisha kuondoka juu ya njia panda? Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya mzunguko wa umeme unaopita katika reli zenyewe. Magurudumu ya chuma yakikanyaga, umeme hupita kwenye ekseli badala ya kufika mwisho, na njia panda hufungwa isisogezwe. Katika reli ndogo njia hii inafaa ikiwa mataruma ni ya mbao au plastiki. Mataruma ya chuma huunganisha reli mbili, na hapo ni bora kutumia vifaa vya kuhesabu ekseli zinazoingia na zinazotoka.

Siku hizi mafundi wengi huweka kompyuta ndogo au kitufe cha redio mkononi mwa dereva. Hayo ni maendeleo, lakini dereva hukaa mbele na behewa la mwisho liko nyuma yake. Akibonyeza mapema mno, kompyuta itamtii haraka kuliko mtu. Programu nzuri huuliza kwanza kama njia ni tupu, kisha husogeza, kisha husubiri uthibitisho. Usipofika katika sekunde chache, hukata umeme na kuacha nyekundu.

Lugha ya amri

Hapa ndipo sisi watu wa Idara ya Kiswahili tunapoingia. Pale ambapo mtu mmoja huagiza na mwingine husogeza, neno nalo ni kiungo cha mtambo. Chukua amri hii: "Badilisha!" Kisarufi ni sahihi, lakini kazini ni hatari, kwa kuwa haisemi kutoka wapi kwenda wapi. Ikisikika mara mbili kwa bahati mbaya, ulimi utarudi ulikotoka. Ndiyo maana watu wa reli huupa kila mkao jina lake, mkao wa kawaida na mkao wa pili, na kila njia panda namba yake. Amri njema ni hii: "Namba mbili, mkao wa pili." Ikirudiwa mara kumi, matokeo ni yaleyale.

Jibu nalo lina sarufi yake. Mfanyakazi akisema "Nimefunga", kauli ya kutenda, ametueleza habari zake mwenyewe. Akisema "Imefungwa", kauli ya kutendwa, ametueleza kwamba kuna aliyefanya. Akisema "Imefungika", kauli ya kutendeka, ametueleza hali ya kitu chenyewe kama kilivyo mbele ya macho yake. Garimoshi halipiti juu ya juhudi za mtu, hupita juu ya chuma. Kwa hiyo jibu linalotakiwa ni la namna ya tatu, nalo litolewe baada ya kutazama: "Namba mbili, mkao wa pili, imefungika."

Lugha chache zinaweza kutenganisha mambo hayo matatu kwa kubadili silabi moja tu. Kirundi nacho kina utajiri wa vinyambulishi vya vitenzi, na mwanafunzi wa Bujumbura hatapata taabu kuuelewa mfano huu.

Hitimisho

Tumeona kwamba kuongoza njia panda si kuchagua njia tu. Ni kusogeza, kufunga na kuthibitisha, na kazi ya tatu ndiyo inayosahaulika kwa urahisi zaidi. Tumeona pia kwamba njia zote, kuanzia mkono wenye uzito hadi kompyuta, zinapimwa kwa swali moja: je, kitu kikiharibika, garimoshi litasimama au litaendelea?

Reli ya kutoka Uvinza itakapofika, njia panda zake zitakuwa kubwa na mitambo yake itakuwa ya kisasa, lakini itafanya kazi zilezile tatu. Watakaoiongoza watatoka nchi mbalimbali, wenye Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kichina vinywani mwao, na huenda Kiswahili ndicho kitakachowakutanisha wengi wao. Tunawashauri walimu wawape wanafunzi zoezi hili: waandike amri 10 za kazini na majibu yake, kisha wamwombe mwenzao azisome kwa sauti mara mbili mbili. Amri yoyote ambayo ikirudiwa inaleta matokeo tofauti, waifute na kuiandika upya.